Makisio ya Jiko la Shule Yaanzie Chunguni

Tangu Serikali ilipoagiza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024 kwa shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ukarabati wa majiko ya shule umekuwa shughuli kubwa ya kamati nyingi. Hilo ni jambo jema. Katika miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Oldonyo Sambu hadi Ngurdoto na Maji ya Chai, mabanda yenye mafiga matatu na kuta zilizogeuka nyeusi kwa masizi yamewatesa wapishi kwa muda mrefu kupita kiasi. Hata hivyo, jiko hujengwa kwa vifaa, na vifaa hununuliwa kwa makisio, nayo makisio ndiyo aghalabu huiharibu kazi kabla fundi hajashika mwiko.

Chini ya utaratibu wa force akaunti, shule hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa mahali pale ujira wao. Kwa hiyo makisio si jukumu la mhandisi wa halmashauri peke yake. Walimu na watumishi ndio wanaokaa katika kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Mwalimu wa Uraia hujikuta akihesabu nondo na mifuko ya saruji, naye ndiye atakayeulizwa ikipungua. Si ajabu basi kwamba wengi hukimbilia njia nyepesi, yaani kuchukua orodha iliyotumika kujengea darasa, kufuta neno "darasa" na kuandika "jiko".

Orodha ya namna hiyo huwa na mabati, saruji, rangi na malumalu, vitu ambavyo mgeni rasmi huviona siku ya ufunguzi. Haina tundu la kutolea moshi na mvuke, haina mfereji wa maji machafu, haina bomba la gesi wala kizimba cha mitungi. Na karibu kila mara haina nauli ya lori.

Ichukuliwe sakafu peke yake. Jiko lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5 lina eneo la meta za mraba 40. Zege la unene wa sentimita 10 ni meta za ujazo 4. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga miwili na kokoto nne, kila meta ya ujazo hula mifuko sita na kitu ya kilo 50, yaani mifuko 26 kwa sakafu nzima. Lakini ardhi ya Meru ni ya mteremko. Iwapo kiwanja hakikusawazishwa vema, na zege likafikia wastani wa sentimita 12 na nusu, mifuko hufika 32. Mifuko sita imezikwa ardhini, wala hapana aliyeiba hata mmoja. Siku ya ukaguzi kamati itatuhumiwa wizi kwa sababu tu hakuna aliyenyosha kamba na kupima kina kwenye pembe zote nne. Tripu chache za moramu, zikashindiliwa barabara, zingeyaepusha yote hayo kwa gharama ndogo zaidi.

Vivyo hivyo katika mchanga. Mchanga wenye vumbi jingi la volkano huonekana rahisi machimboni, lakini hutaka kuoshwa, ama sivyo hudai saruji ya ziada. Bei ya mdomo ya dukani nayo hubadilika pindi muuzaji anapotakiwa kutoa risiti ya mashine, kwani ndipo asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani inapojitokeza. Kamati inayokusanya bei bila kuuliza neno hilo moja hupungukiwa takriban moja ya sita ya fedha zake kabla ya kununua msumari.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi liko kwingine. Makisio mengi huandikwa bila kuuliza ni chakula gani kitapikwa. Shule za Arumeru hupika makande, na makande ya mahindi makavu na maharage hukaa motoni kwa saa nyingi. Kwa kuni za kuokota saa hizo hazikuhesabiwa; kwa mtungi wa kilo 38 kila saa ina bei. Jiko lililonunuliwa bila kupigiwa hesabu hiyo hung'aa mwezi mmoja, kisha mpishi hurudi kwenye mafiga nyuma ya jengo jipya. Maharage yakilowekwa usiku kucha hupungua sana muda wa kuiva. Basi mapipa ya kulowekea yenye mifuniko yanastahili nafasi katika orodha ya vifaa kuliko malumalu ya ukutani.

Wako wapishi wanaoharakisha maharage kwa magadi. Hapo pana hatari ambayo wenyeji wanaijua kwa meno yao. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi huyaongeza. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Mvua nayo haina taabu hiyo. Paa la meta za mraba 60 hupokea lita 1,200 katika mvua ya milimita 20. Kwa hiyo mifereji ya paa, tangi na chujio ni vifaa vya jiko, si anasa za kusubiri mfadhili.

Mambo haya mpishi anayajua. Anajua maji yanatoka wapi, sufuria ipi hainyanyuliki na upande gani upepo hurudisha mvuke ndani. Ni kinyume cha akili kwamba mtu huyo, ambaye mara nyingi ni mama wa kijiji kilekile, huitwa siku ya kukabidhiwa funguo badala ya siku ya kuandika orodha.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi, na ni kweli. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuwaonya Watanzania wasiifanye fedha kuwa silaha yao ya kwanza. Fedha zikiwa chache, hutangulia sakafu, njia ya moshi, maji na mfumo wa gesi uliokaguliwa na fundi anayeujua, mitungi ikiwa nje ya jengo, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Rangi na malumalu vingoje mwaka wa pili. Sehemu moja ya kumi ya makisio iwekwe kando kwa yasiyotarajiwa. Na mabati ya banda la zamani, yahesabiwe na kuandikwa kwenye leja kabla ya kubomolewa. Yaliyo mazima yanatosha kuezeka kizimba cha mitungi.