GITAA HAINA NJIA YA MKATO



Toka mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna maneno mawili yanazunguka katika shule yetu. La kwanza ni la wanafunzi. Wanasema: "Masomo ni ya nini? Msanii mmoja anapata kwa usiku mmoja franka ambazo mwalimu hapati kwa mwaka mzima." La pili ni la wakubwa. Wanasema: "Gitaa ni barabara ya kwenda nganda. Ikae kabatini, itoke siku ya Mungu tu." Na ni kweli, munajua wote, gitaa ya kwaya iko kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja.

Mimi naona watu hawa, hata kama wanagombana, wanasadiki jambo moja. Wote wanafikiri muziki ni kitu cha haraka. Wa kwanza wanatamani kutajirika haraka, wa pili wanaogopa mtoto atapotea haraka. Nataka kuonyesha hapa kwamba si hivyo. Muziki mzuri ni ufundi, kama vile kutengeneza mtumbwi hapa ziwani. Hakuna mtu anayeshika shoka asubuhi na jioni anavuka Ziwa Tanganyika. Na kusudi nisiseme maneno matupu, nitachukua maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika jimbo letu la Kivu ya Kusini: Lokua Kanza.

Labda wengi kati yenu hamumujui, sababu nyimbo zake hazipigwi sana kwenye baffle za njiani. Muziki wake ni laini. Gitaa moja, sauti ya chini, na sauti zingine zinazomuitikia nyuma kama kwaya. Anatunga maneno mwenyewe, anatunga sauti mwenyewe, anapiga mwenyewe. Hana kelele.

Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958. Baba yake alikuwa Mmongo, mama yake alitoka Rwanda. Angali mtoto, jamaa yake ikahamia Kinshasa. Alianza wapi kuimba? Nganda? Hapana. Alianza kanisani, katika kwaya, kama wewe na mimi. Neno hili ningependa wakubwa wetu walishike vizuri. Wanasema gitaa inatoa watoto kanisani, kumbe huyu kanisa ndilo lilimupa masikio.

Mutu aliyeimba kwaya anajua ninachosema. Katika kwaya kuna soprano, alto, tena na basi. Ukiimba sauti yako tu bila kusikiliza za wengine, unaharibu wimbo wote. Basi kwaya inakufundisha mambo mawili kwa mara moja: kuimba, na kunyamaza wakati wa wengine. Sikilizeni sahani za Lokua Kanza, mutasikia ile kwaya. Mara mingi yeye mwenyewe anaimba sauti mbalimbali na kuziweka moja juu ya nyingine, kama kwaya ya watu wengi. Hakuokota ujuzi huo njiani.

Kiisha kwaya, hakukimbilia studio. Alikwenda kusoma muziki katika shule kubwa ya muziki ya Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia katika orkestra ya Abeti Masikini, mama mwimbaji mashuhuri wa inchi yetu. Aliingia kama nani? Kama mpiga gitaa. Jina kubwa lilikuwa la Abeti, yeye alisimama nyuma. Mwaka 1984 akafika Paris, Ufaransa. Na huko, mutu aliyekwisha kupiga katika orkestra ya jina, akaketi tena darasani katika shule ya muziki wa jazz. Wanafunzi wenzangu, tufikiri kidogo hapo. Kuko mtu kati yetu aliyejifunza akordi tatu tu, na tayari anakataa kufundishwa!

Huko Paris pia alipiga na kuimba pamoja na wengine: Ray Lema wa kwetu Kongo, na Manu Dibango wa Kameruni. Albamu yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe, ilitoka mwaka 1993. Fanyeni hesabu. Toka 1984 mpaka 1993 ni miaka 9. Toka kuzaliwa kwake ni miaka 35. Ile miaka yote ya kwaya, ya shule, ya kusimama nyuma ya wengine, haikupotea. Ndiyo iliyotoka katika ile sahani.

Na baada ya hapo hakuanza kutoa wimbo kila mwezi. Wapi Yo ilitoka mwaka 1995. Toyebi Té ilitoka mwaka 2002. Mwaka 2004 aliimba pamoja na Gerald Toto na Richard Bona, watu watatu katika sahani moja. Mwaka 2005 akatoa Plus vivant, ambayo aliimba zaidi kwa Kifaransa. Mwaka 2010 ikaja Nkolo, neno la Kilingala la kusema Bwana. Kisha ikapita miaka 11 bila sahani yake yeye peke yake, mpaka Moko, maana yake Moja, mwaka 2021. Watu hawakumusahau. Katikati ya hapo, toka mwaka 2016, alikuwa mmoja wa walimu wanne wa mashindano ya uimbaji ya televisheni, The Voice ya Afrika ya Kifaransa. Yule mtoto wa kwaya akawa wa kufundisha vijana wa inchi nyingi.

Tukumbuke tena alitoa ule muziki wa chini wakati gani. Miaka ya 1990 Kinshasa yote ilicheza ndombolo, na mwimbaji alilipwa kwa kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo, ile tunayoita mabanga. Sisemi ndombolo ni mbaya, miguu yangu inaijua. Lakini mutu wa muziki laini wakati ule alikuwa kama mtu anayeongea polepole katikati ya soko. Lokua Kanza hakupandisha sauti. Alingoja watu wanyamaze wamusikilize. Na walinyamaza, hapa Afrika na hata mbali.

Na hakuacha lugha zetu. Ameimba kwa Kilingala, kwa Kifaransa na kwa zingine. Kati ya nyimbo zake iko moja inaitwa Mutoto. Angalieni vizuri: Mutoto, namna tunavyosema huku kwetu, siyo Mtoto ya vitabu. Jina dogo, lakini mimi lilinifurahisha.

Wengine watasema: "Huyo ni wa Ulaya. Sisi wa Lusenda tuko na nini?" Basi nitawapa mwingine ambaye hakuanzia Ulaya. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Aliimba kwa Kiswahili cha Kongo na gitaa moja tu. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alimukuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamurekodi. Wimbo wake Masanga ukapata zawadi mwaka uleule, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wamejaribu kuuiga mpaka vidole vinauma. Mwaka 1969 aliitwa kupiga katika sikukuu kubwa ya muziki ya Newport, Marekani. Hata yeye hakuishi kwa gitaa peke yake, alifanya pia kazi ya mshahara. Alikufa kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990. Kwa hiyo ile gitaa laini na maneno ya Kiswahili si kitu cha kuazima kwa wazungu. Ni mali ya wazee wetu.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka uliopita wenzetu wawili walichukua franka za minervale wakaenda nazo studio. Walirudi na wimbo mmoja kwenye karte ya telefone, na bila nafasi ya kuketi kwenye mtihani. Siwachekelei, ni ndugu zetu na sauti zao ni nzuri. Lakini nauliza: ni nani aliwafundisha gitaa mbele ya hapo? Hakuna. Ni nani aliwaonyesha noti? Hakuna. Walijua tu kwamba kabati limefungwa na studio imefunguliwa. Mtoto mwenye njaa akikuta jikoni kumefungwa, atakula njiani.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Dada mmoja wa shule yetu ametunga wimbo ambao tunauimba kila Noeli. Kwaya moja ya mbali ikausikia, ikaurekodi, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Wakubwa wengine walimwambia: "Wimbo ni wa Mungu, usililie jina." Ndiyo, utukufu ni wa Mungu. Lakini hata Zaburi zina majina ya Daudi na ya Asafu juu yake, na Mungu hakukasirika. Tena inchi yetu ina sheria ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986. Mutunzi ana haki jina lake litajwe. Lokua Kanza anajulikana sababu jina lake liko kwenye kazi yake. Dada yetu naye ana jina.

Najua watakaonipinga. Mwalimu mmoja ataniambia: "Lokua Kanza si mwimbaji wa Injili." Ni kweli, naye hakujiita hivyo. Lakini sisi hatuombi kuimba nyimbo zake katika ibada. Tunaomba kufuata uvumilivu wake. Mwingine atasema: "Wengi wanajifunza, mmoja tu anafika." Nayo ni kweli. Hata wanafunzi wa biolojia si wote wanakuwa waganga, lakini hakuna anayefunga kitabu cha biolojia kabatini. Anayejifunza muziki vizuri, hata asipofika Paris, atafundisha kwaya, atafundisha watoto wa shule ya msingi, ataongoza ibada bila kupotosha sauti. Sisi wa Pedagojia ndiyo kazi inayotungoja.

Tena hapa Lusenda tunahitaji jambo hili kuliko wengine. Toka kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 2015, tumeketi benchi moja na watoto waliotoka Burundi. Na sisi wenyewe, wengi tumekimbia vita mara nyingi. Kuna vitu mutu hawezi kusema kwa kelele. Wimbo wa polepole unavisema. Na mwimbaji niliyewaeleza ana baba wa upande mmoja na mama wa upande mwingine, na sauti yake haikugawanyika. Kwaya haiulizi basi yako inatoka kabila gani, inauliza kama iko sawa.

Basi, kwa heshima yote, ninawaomba Baba Prefe, Mchungaji na wakubwa wa kwaya mambo manne:

1. Gitaa itoke kabatini kila siku ya posho, saa mbili tu, pamoja na mkubwa mmoja. Anayeichukua aandike jina lake katika daftari. Waya ukikatika, aliyeukata aulipe.

2. Wenye kujua noti, ni wachache lakini wako, watufundishe solfeji, hata robo saa mbele ya mazoezi ya kwaya.

3. Kila wimbo uliotungwa hapa uandikwe katika kitabu, pamoja na jina la mutunzi na tarehe. Ukiimbwa mbele ya watu, jina litajwe.

4. Mwanafunzi anayeacha darasa sababu ya studio apoteze nafasi yake kwenye gitaa mpaka arudi darasani. Hili najua wenzangu hawatalipenda. Lakini tukiomba kuaminiwa, tukubali pia sharti.

Munakumbuka mfano wa talanta. Yule mtumishi wa mwisho hakuiba talanta ya bwana wake, wala hakuiharibu. Aliizika tu ardhini, salama kabisa, na bado alikemewa. Na munamkumbuka Daudi. Wakati mfalme Sauli alipotafuta mtu wa kupiga kinubi, hawakutafuta mtu wa kuanza kujifunza siku ile. Walimuita aliyekwisha kujua, na alijifunza akiwa na kondoo, mahali pasipo na watu wa kumpigia makofi.

Wanafunzi wenzangu, tuwe tayari kwa miaka ile ya kondoo. Na ninyi wakubwa wetu, mutupe kinubi tungali hapa shuleni, mbele ya macho yenu.

Ni mimi mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Umanite, Pedagojia,
sauti ya tena katika kwaya