Maneno ya Herufi S na Mbuzi wa Harusini

Kabla sijaingia katika kiini cha hoja yangu, hebu nikusimulie kisa kimoja kifupi.

Muhula wa kwanza mwaka huu tuligawiwa herufi katika somo la Kiingereza. Kila dawati lilipewa herufi yake, na kila mwanafunzi akatakiwa kurudi baada ya majuma mawili akiwa amekariri nomino mia moja za Kiingereza zinazoanza kwa herufi hiyo. Mimi na jirani yangu wa dawati tuliangukiwa na S. Tulifurahi kama waliookota embe chini ya mnazi, kwa maana katika kamusi za Kiingereza hakuna herufi yenye maneno mengi kuliko hiyo.

Jirani yangu alikariri kwelikweli. Kwenye prepu anakariri, kwenye foleni ya githeri anakariri, taa zikizimwa bwenini anaingia chini ya blanketi na tochi. Siku ya siku alizitaja zote mia moja bila kupepesa jicho, nasi tukampigia makofi. Muda si muda ukaja mtihani. Insha ilihusu sherehe ya harusi. Rafiki yangu akaandika, tena kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba siku ya harusi ya mjomba wake walichinja "scapegoats" wawili, wageni wakala wakashiba.

Insha iliposomwa darasani tulicheka hadi mbavu zikatuuma. We acha tu! Lakini jioni nilipolipekua daftari lake, kicheko kilinikauka mdomoni. Nomino zilikuwa zimepangwa kama askari wa gwaride, moja hadi mia, na hakuna hata moja iliyokuwa na maana kando yake. Aliona "goat" ndani ya neno, akajiamulia kuwa huyo ni mbuzi wa kawaida. Laiti angaliambiwa kwamba ni mbuzi wa kafara, yule wa kitabu cha Walawi anayebebeshwa makosa ya watu na kufukuzwa jangwani, asingalilisahau neno hilo maishani. Nilipomweleza alinitazama akasema, "Kumbe ni hivyo tu? Sasa mbona hakuna aliyesema?"

Hakuna aliyesema kwa sababu ilikuwa marufuku. Sharti la zoezi lilikuwa moja: Kiswahili kisisikike. Tangu siku ile ya kicheko rafiki yangu hakuinua tena mkono darasani. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nisieleweke vibaya. Sikipingi Kiingereza. Katiba yetu ya 2010 inasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Fizikia, kemia, biolojia na hesabati tunazifanya kwa Kiingereza. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza kuna kifungu chenye mapengo ya kujazwa, na asiye na msamiati pale atatoa macho kama panya aliyenaswa. Wala silipingi zoezi la herufi. Herufi moja kwa wakati mmoja hukupa mpango, nayo haba na haba hujaza kibaba. Ninachopinga ni kulijaza kibaba hilo kwa makapi. Ni maoni yangu kwamba mwanafunzi wa Kenya anayetaka kujenga msamiati wa Kiingereza hana rafiki bora kuliko Kiswahili chake, na kumtenga na rafiki huyo ni kumwonea.

Tuchukue hiyohiyo S yetu. Ukiijua sukari, umekwisha kuijua "sugar", kwani maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, moja likapitia kwa Wafaransa hadi London na jingine likafika pwani yetu kwa majahazi. Ukiijua sharubati, umepata nomino tatu kwa mpigo: "sherbet", "syrup" na "sorbet". Zote zimezaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kunywa. Sabuni na "soap" ni binamu wa mbali. Shule tuliipata kwa Wajerumani, lakini ukiifuata nyuma utakutana na "school" kwa babu yao mmoja, Kilatini. Sultani ni "sultan", shehe ni "sheikh". Soksi, sketi, spana na stempu tuliziazima kwa Waingereza wenyewe, hivyo tunazirudisha tu kwao. Nimehesabu hapa zaidi ya nomino kumi, na bado sijafungua kamusi!

Tena si sisi tu tunaoazima. Wao pia walibisha hodi kwetu. "Safari" ni nomino ya Kiingereza siku hizi, na miongoni mwa Waingereza wa kwanza kuiandika ni Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859. Lakini hapa mtu awe macho. Kwetu sisi, kupanda basi kwenda Kisumu kumwona nyanya ni safari. Kwa Mwingereza, neno hilo huleta picha ya gari lililo wazi juu, miwani meusi na simba amelala chini ya mti. Neno ni lile, maana imehama. Anayekariri bila kulinganisha hawezi kuyajua haya.

Kuna watakaosema, "Huyo mwandishi anatupotosha. Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza chetu. Si mnasikia wanafunzi wakisema 'a soap' na 'staffs'?" Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipuuza. Ni kweli kwamba Mswahili husema sabuni moja, sabuni mbili, ilhali Mwingereza haihesabu "soap" hivyo, sharti aseme kipande chake, "a bar of soap". Lakini kosa hilo linatokana na kutolinganisha. Mwanafunzi hulibeba kosa kimyakimya kichwani kwa sababu hakuna aliyemwonyesha tofauti.

Na mbona tusitumie ngeli zetu, ambazo tumezipigania tangu darasa la nne? Mwanafunzi akiambiwa kwamba "sheep", "series" na "species" hazibadiliki katika wingi, hushangaa kana kwamba ni uchawi. Mwambie basi kwamba ni kama nyumba, nguo na ngoma katika ngeli ya I-ZI: nyumba hii, nyumba hizi, neno lenyewe halijaguswa. Mwambie kwamba "scissors", "shorts" na "spectacles" huja katika wingi daima, kama sisi tusivyokuwa na umoja wa maji wala wa marashi. Mwambie kwamba "stationery" haina wingi, kama sukari isivyokuwa nao katika I-I. Ataelewa papo hapo, maana vyombo vya kuelewea amekuwa navyo siku zote. Vilifungiwa tu kabatini.

Matamshi nayo ni vivyo hivyo. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mazoea hayo hutuponza. "Sword" ina w isiyotamkwa, "salmon" ina l iliyo bubu, nayo "sugar" huandikwa kwa s lakini husomwa kama sh ya shamba. Aliyeyakariri maneno haya kwa macho tu siku moja atayasoma mbele ya watu naye apate aibu. Kando ya kila neno gumu andika kwa tahajia ya Kiswahili jinsi linavyotamkwa. Si sahihi kabisa, lakini litakufikisha karibu.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Nilipokuwa shule ya msingi, aliyenaswa akizungumza Kiswahili au lugha ya mama alivishwa shingoni kibao chenye kamba. Tulikiita diski. Ukivishwa, kazi yako ni kumwinda mwenzako ateleze ulimi umpe yeye, na atakayebaki nacho jioni anachapwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986 jinsi watoto wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa walipopatikana wakizungumza Kikuyu karibu na shule. Mkoloni alifunga virago, diski ikabaki! Na ilitufunza nini? Ilitufunza kunyamaza. Mtoto anayeogopa kibao hatajaribu neno jipya la Kiingereza asije akakosea, na la Kiswahili hawezi kulisema. Atakaa kimya na nomino zake mia moja tumboni, kama rafiki yangu.

Basi nisilalamike tu bila kutoa dawa. Mimi na jirani yangu tulianza upya muhula wa pili, kwa herufi ileile ya S. Badala ya mia moja tulichukua maneno matano kwa siku. Kila nomino tuliipa mambo manne: maana yake kwa Kiswahili, tabia yake katika umoja na wingi, matamshi yake, na sentensi moja inayotokana na maisha yetu hapa shuleni. Neno lisilo na sentensi tulilihesabu kuwa bado halijafika. Kwa "scapegoat" yeye mwenyewe alitunga kwa Kiingereza sentensi yenye maana kwamba kioo cha bweni kikivunjika, wa darasa la chini ndiye hugeuzwa mbuzi wa kafara. Nani atasema hajalielewa?

Ninawaomba walimu wetu wa Kiingereza, kwa heshima na taadhima, waliache zoezi la herufi liendelee lakini waondoe lile sharti. Chama chetu cha Kiswahili kina kamusi kabatini, nacho hukutana kila Alhamisi. Tuwaalike walimu hao Alhamisi moja kila mwezi, tukae na herufi moja, tuyapime maneno kwa mizani ya lugha zote mbili. Na nyinyi wenzangu wa madarasa ya chini, msione haya kuuliza, "Hii kwa Kiswahili ni nini?" Kuuliza si ujinga.

Nikimalizia, katika orodha zetu mbili za nomino mia mia za herufi S, yangu na ya rafiki yangu, kulikosekana neno moja ambalo halikutujia akilini hata kidogo. Neno lenyewe ni "Swahili", lililotokana na Kiarabu kwa maana ya pwani. Tulilikumbuka majuzi tu. Mwalimu alipouliza kama kuna mwenye nomino ya S ambayo haijatajwa, mkono ulioinuka ulikuwa wa jirani yangu.