Atazamaye na Achukuaye

Wahenga walisema: Tembea uone. Lakini watembeao ni namna mbili. Mmoja huenda kutazama na kujifunza; mwingine huenda kutafuta la kuchukua.

Mtu akitoka Kindu kwa chombo, akishuka mto Lualaba zaidi ya kilometa 300, hufika Ubundu. Hapo chombo hakina budi kusimama, kwa maana mbele yake yako maporomoko ya Boyoma. Ni maporomoko saba yanayofuatana kwa mwendo wa kilometa 100 hivi hata Kisangani. Ndiyo sababu ilijengwa reli kati ya miji hiyo miwili.

Penye poromoko la mwisho hukaa Wagenia, wavuvi hodari. Husimamisha miti mikubwa kati ya miamba, wakatega migono yenye mdomo mpana katika maji makali. Mto wenyewe husukuma samaki ndani.

Msitu nao una wanyama wengi. Magharibi ya Kindu, upande wa mto Lomami, yuko kima aitwaye lesula. Wawindaji walimjua tangu zamani, bali wataalamu walimwona kwanza mwaka 2007: kima mchanga aliyefugwa nyumbani mwa mtu huko Opala. Mwaka 2016 ikawekwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, ili yeye, ndovu na bonobo walindwe.

Wako wasemao: "Nyama ni nyama. Mgenia akivua samaki, mbona mwindaji akatazwe kuua kima?" Neno hilo lastahili jibu, kwa maana njaa si mchezo. Jibu ni hili: samaki hutaga mayai mengi sana, kima huzaa mtoto mmoja, akambeba kifuani siku nyingi. Amwuaye mama ameua wawili. Tena nyama nyingi ya msituni haiingii chunguni mwa mwindaji. Huuzwa mjini kwa watu wenye chakula kingine.

Basi mwanafunzi akizuru maporomoko, na anunue samaki wa Wagenia, wala asinunue mtoto wa kima kuwa mchezo wake. Maji ya Boyoma yatanguruma hata msitu ukiwa mtupu. Lakini mgeni wa kesho hatasikia kitu kingine.

Maswali
1. Kwa nini chombo husimama Ubundu?
2. Samaki na kima hutofautianaje katika kuzaa?
3. Je, jibu alilopewa mwindaji latosha? Eleza.