Tukishuka Bandarini Sisi Wenyewe

Wamama wenzetu, kati yetu kuna wenye watoto na dada kule Marekani, na siku moja wanaweza kutualika kusafiri nao kwa meli ya matembezi mpaka Alaska. Matembezi yanayouzwa ndani ya meli ni ya bei kali. Lakini miji ya kule ni midogo, mama anaweza kuizunguka na watoto wake bila kiongozi. Kule Ketchikan, mtaa wa Creek Street, wenye nyumba za mbao juu ya maji, unafikiwa kwa miguu. Ni vile vile Skagway, mji wa watafuta zahabu wa 1898. Kule Juneau, basi ya mji inafika karibu na mto wa barafu wa Mendenhall. Njia inayobaki ni ya miguu.

Jambo moja tulishike: meli inangojea wale walionunua matembezi yake; aliyejitembelea mwenyewe inaweza kumuacha. Na Juneau haina barabara ya kuutoka mji kwenda mbali: ni ndege ao meli tu. Basi tufuate saa ya meli, tutembee na pasipoti na dawa za watoto, na turudi tungali na saa nzima mbele yetu. Feza tuliyochunga isiliwe na tiketi ya ndege.