Uzee Unaanza Kwenye Foleni ya Viza

Kaa kwenye kimbweta chochote hapa chuoni wiki moja kabla ya UE, utasikia mipango ya watu. Mmoja anatafuta skolashipu ya masters Ujerumani. Mwingine ana dada yake Muscat, anasubiri viza. Wa tatu anajaza bahati nasibu ya Green Card kila mwaka tangu amalize form six. Waulize mwisho wa safari ni upi, jibu ni moja: "Natafuta maisha kidogo, nikistaafu narudi."

Hilo "nikistaafu narudi" ndilo nataka tulizungumze wasomi wenzangu. Tunalitamka kana kwamba kustaafu ni kituo cha daladala, ukifika unagonga bati na konda anakushusha. Kumbe mahali utakapozeekea panaamuliwa kwa sehemu kubwa na karatasi utakazosaini ukiwa na miaka 25, siyo na mapenzi ya nyumbani utakayokuwa nayo ukiwa na 65. Hoja yangu ni hii: kuzeeka ugenini ni jambo jema kabisa kwa mtu ambaye mlango wa kurudi kwao bado uko wazi. Mlango ukishafungwa, hajastaafu ughaibuni. Amekwama tu huko.

Mimi ni mtoto wa Nyumba ya Mungu, wilaya ya Mwanga. Anayesafiri kutoka Same kwenda Moshi huona milima ya Upare mkono wa kulia na mbuga kavu mkono wa kushoto, wala hajui kwamba huko kwenye ukavu kuna maji mengi kiasi kile. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana kuufanya mto Pangani. Maji yalipojaa, samaki wakajaa, na watu wakawafuata samaki. Walikuja wavuvi kutoka Ziwa Victoria, wengine kutoka Ziwa Nyasa, wengine kutoka huku huku karibu. Kufikia mwaka 1970 perege walikuwa wa kumwaga, miaka michache baadaye wakapungua sana. Na wavuvi wale walikuja na kauli ile ile ya kwenye kimbweta: navua miaka miwili mitatu, najenga kwetu, narudi. Wajukuu wao nimesoma nao shule ya msingi.

Kuna mzee jirani yetu aliyetoka upande wa Nyasa akiwa kijana. Nimewahi kumuuliza kwa nini hakurudi. Jibu lake lilikuwa fupi: waliomjua kule wamekufa, wanaomjua wako hapa. Sikuona majuto kwenye sauti yake. Ana mtumbwi anaoukodisha, ana wajukuu, na watu wa rika lake wa kupiga nao soga jioni.

Namtaja mzee huyu kwa sababu yeye kazeeka ugenini na mambo yake yako sawa, na tukijua kwa nini yako sawa tunapata kipimo. Kuhama kwake hakukumpotezea haki yoyote. Kadi yake ya kupigia kura inafanya kazi Mwanga kama ambavyo ingefanya kazi Nyasa. Hakuna sheria inayomwita mgeni kwenye ardhi ya kijiji chake cha kwanza. Akiamua kesho kurudi, anahitaji nauli ya basi tu. Kwa hiyo kubaki kwake ni uamuzi wake mwenyewe.

Sasa tuvuke mpaka, tuanze na faida, maana wanaoondoka si wajinga.

Faida ya kwanza ni pensheni. Hapa kwetu mjadala wa kikokotoo umechosha watu. Mwaka 2022 ilianza kutumika kanuni moja ya mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Na hao ndio wenye bahati ya kuwa na ajira rasmi. Bodaboda aliyeendesha miaka 30 bila kujiunga na mfuko wowote anastaafu na mgongo mbovu, basi. Upande wa pili, mtu aliyebeba boksi ghalani Marekani kwa takriban miaka 10, akiwa na vibali na akikatwa michango, anakuwa amefikisha pointi 40 zinazomstahilisha pensheni. Uingereza nayo, miaka 10 ya michango inakupa kitu, na miaka 35 inakupa pensheni kamili ya serikali. Kazi ambayo hapa tungeidharau, kule inajenga uzee wa mtu.

Ya pili ni hospitali. Kwetu Nyumba ya Mungu mzee mwenye figo mbovu anapelekwa KCMC, Moshi. KCMC ni hospitali kubwa na ya kuaminika, lakini kusafishwa figo mara kadhaa kwa wiki ni nauli, ni msindikizaji, na ni bima ambayo wazee wengi hawana. Aliyezeekea Leeds hana mawazo hayo.

Ya tatu huwa hatuisemi kwa sauti: watoto. Ukizaa kule, wajukuu wako watakuwa kule. Wazee wengi wanaoahirisha kurudi hawaogopi umeme kukatika. Wanaogopa kuwaona wajukuu kwenye simu tu.

Ukitaka kuona kustaafu ugenini kulikofanikiwa, nenda Malindi. Waitaliano wamekuwa wakihamia pale kwa miongo mingi, wengi wao wastaafu. Kenya ina kibali daraja K kwa mtu wa kuanzia miaka 35 mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Hata Tanzania, kibali cha ukaazi daraja C kinawahusu pia wastaafu. Euro ya pensheni inafika mbali kuliko ingefika Milano, jua ni la mwaka mzima, samaki ni wa leo. Lakini kumbuka kilichomo kwenye droo ya mzee wa Malindi: pasipoti ya Italia. Siku moyo ukisumbua au bei zikipanda, anakata tiketi. Ana msimamo ule ule wa mzee wetu wa bwawani. Wote wawili wanaweza kurudi, kwa hiyo wanakaa kwa raha.

Je, wetu wakoje?

Tuanze na Ghuba, maana ndiko mabinti wengi wanakokwenda. Kule kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye kazi yako na kwa mwajiri wako. Mkataba ukiisha, na ukaazi umeisha. Hakuna uzee pale kwa mfanyakazi wa ndani, hata akae miaka 20. Muscat kuna wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja barazani, watu wenye asili ya Oman waliorejea huko baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita. Wao wana uraia, wanazikwa pale. Dada anayewapikia chai anazungumza Kiswahili kile kile, ila yeye ana mkataba wa miaka miwili. Kama unakwenda Ghuba, nenda, lakini usijidanganye kwamba unaweza kuchagua pa kustaafia. Utarudi tu. Swali ni utarudi na nini.

Marekani na Uingereza mtego ni wa namna nyingine, na unafunga polepole. Nitaufuata hatua kwa hatua.

Umepata ukaazi wa kudumu. Ukiwa na Green Card, ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali maalumu unaweza kuhesabiwa kuwa umeitelekeza. Ukaazi wa Uingereza kwa kawaida unakufa ukikaa nje miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo huwezi kustaafu Same huku ukiuweka ukaazi wa kule akiba kwa ajili ya siku ya ugonjwa. Suluhisho? Chukua uraia wao kabisa, uwe huru kwenda na kurudi. Vizuri. Lakini kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Yaani ili uweze kurudi nyumbani kwa uhuru inabidi uwe mgeni nyumbani.

Kwa watu wa Upare hili linauma zaidi. Usangi, Ugweno, Mamba, Chome, kote huko shamba la ukoo ndipo yalipo makaburi ya babu zako, na ndipo unapotegemewa kulala mwenyewe. Sasa aliyeko Houston anajenga vipi Same? Anatuma pesa kwa mdogo wake, nyumba inapanda, hati inaandikwa jina la mdogo wake. Miaka 20 baadaye mdogo mtu ana mke, ana watoto, na nyumba ina mwenyewe. Watani zetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya mbuzi. Hebu fikiria kesi ya nyumba nzima, na mdai ni raia wa Marekani.

Hata pensheni yenyewe ina masharti madogo madogo. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukiichukulia Tanzania haipandi kila mwaka kama inavyopanda kwa aliyebaki kule. Inaganda pale ulipoanzia kuipokea huku. Ugali unapanda bei, pauni zako ni zile zile. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida haikulipii matibabu nje ya Marekani. Ukirudi, zile faida mbili za mwanzo unarudi nazo nusu nusu.

Na ukibaki? Unabaki na matibabu mazuri na nyumba yenye joto, ila huna wa kukupa shikamoo. Mzee akianza kusahau, hutokea lugha aliyojifunza ukubwani ikatangulia kupotea, akabaki na Kipare chake mbele ya nesi asiyejua hata Kipare ni nini. Halafu siku ya mwisho kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango ya kusafirisha mwili.

Najua nitajibiwa mambo mawili. La kwanza: "Mbona fulani ana pasipoti ya Marekani na anaishi Moshi bila shida?" Ni kweli, wapo. Anaishi kwa kibali anachokilipia na kukihuisha, na anaishi kwa hisani. Kura hana.

La pili: "Uraia pacha utakuja tu." Kenya waliuruhusu kwenye Katiba ya 2010, Uganda kwa sheria ya 2009. Sisi tumechagua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, inayolenga kuwarahisishia kuingia, kukaa na kupata ardhi kwa masharti. Ni hatua nzuri na naiunga mkono, ingawa binafsi ningependa uraia pacha wenyewe. Ila hadhi ambayo serikali inakupa, serikali inaweza kuiwekea masharti mapya. Usipange uzee wako juu ya sheria ambayo bado haijatungwa.

Wala nisiwauzie kurudi kama pepo. Kwetu jua ni kali, na watu walioishi jirani na bwawa lile walisubiri miaka mingi mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji kutoka bwawa hilo hilo, hadi ukazinduliwa Machi 2025. Mstaafu anayerudi anarudi kwenye nchi halisi, yenye foleni ya zahanati na ndugu wenye shida zao.

Kwa hiyo nasema nendeni. Ila kabla ya kusaini, uliza maswali matatu. Viza hii inaelekea kwenye ukaazi, au inaishia kwenye mkataba? Michango nitakayokatwa, nitaipata nikiwa nchi gani? Na siku nikipewa pasipoti yao, napoteza nini hasa, kwa majina na kwa viwanja? Ukibaki hapa nyumbani, maswali ni hayo hayo kwa sura nyingine: NSSF inapokea hata anayejiajiri, na pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180. Miaka 15 hiyo, anza ukiwa na nguvu. Na popote uendapo, rudi likizo mara nyingi kiasi kwamba watoto waliozaliwa ukiwa hupo wakujue kwa sura, wasikujue kwa jina la anayetuma pesa.

Serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka inatuletea wazungumzaji wa ujasiriamali na wa kuandika CV. Napendekeza mwaka huu iwaite pia mtu wa Uhamiaji na mtu wa mifuko ya hifadhi ya jamii, wakae nasi saa mbili, tuwaulize haya bila aibu. Wengi wetu tutaondoka ndani ya miaka mitatu baada ya mahafali, na ni afadhali tukazijua hizi karatasi kabla hazijaletwa mezani tusaini.