Sauti ya mkubwa ndani ya simu haitoshi tena kufunga mizigo

Katika Kivu, habari nyingi zinafika kwa sikio kabla ya kufika kwa jicho. Anayejua kusoma na asiyejua, wote wanasikiliza redio moja. Odio moja ya WhatsApp inasikilizwa na watu kumi waliozunguka simu moja, ile ambayo imepata kushariji siku hiyo. Ndiyo maana mashine mpya za akili bandia, zile zinazosema, zinazosikiliza na kutengeneza picha na sauti, zinawahusu watu wa Sake, Kanyaruchinya na Minova kuliko wengi wanavyofikiri.

Faida yake ipo, haifai kuificha. Leo mashine inaweza kutazama picha ya karatasi na kusema kwa sauti kilichoandikwa humo. Mama ambaye hakumaliza shule anaweza kupiga picha ya jetoni ya msaada na kuelezwa tarehe na fasi ya ugawaji, bila kungoja mtoto wa jirani arudi. Kwa kipimo cha dawa bado inafaa kumuuliza muuguzi, kwa sababu mashine hizo zinakosea na zinakosea kwa sauti yenye uhakika. Lakini kwa mambo mengi ya kila siku, huo ni msaada wa kweli.

Hatari iko upande wa pili wa kifaa hichohicho. Mwezi wa tatu 2024, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza kwamba chombo chake kinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde 15 tu za maneno yake. Kampuni yenyewe iliogopa kukiachilia kwa watu wote. Miezi miwili kabla, katika jimbo la New Hampshire, raia walipokea simu yenye sauti iliyoigwa ya rais Joe Biden, ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Aliyepanga simu hizo alitozwa faini ya dola milioni 6. Huko kulikuwa na ofisi ya kuchunguza na sheria ya kuadhibu. Kwa familia iliyolala chini ya hema, nani atachunguza?

Sekunde 15 ni kitu kidogo sana. Gavana, msemaji wa kikundi cha silaha, askofu, kiongozi wa mtaa: wote wamekwisha kusema zaidi ya hapo kwenye redio na kwenye video. Na katika Kivu, tangazo moja linaweza kuhamisha mji. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya mlipuko wa Nyiragongo, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa 10 ya Goma iondoke. Watu karibu 400,000 waliondoka, wengine kwa miguu hadi Sake. Mwezi wa pili 2025, wahamishwa waliokuwa kambini Bulengo walisikia kwanza kwamba wana saa 72 za kuondoka, kisha wakasikia kwamba kurudi ni kwa hiari. Hakuna mashine iliyohitajika ili watu wachanganyikiwe. Walikuwa ni wanadamu wakisema mambo mawili tofauti, na kati ya maneno hayo mawili watu walibomoa mahema. Sasa ongeza sauti ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeisema.

Wapo wanaojibu kwamba mambo haya ni ya Wazungu, kwamba kambini hakuna mega wala umeme. Lakini mashine haihitaji kuwa kambini. Odio inatengenezwa mbali, inaingia kwa simu ya mtu mmoja mwenye mega, kisha inapita kwa Bluetooth hadi kwa wale wasio na kitu. WhatsApp inaweka mishale miwili juu ya ujumbe uliotumwa mara nyingi. Ukipita kwa Bluetooth, hata alama hiyo inapotea.

Kuna shida nyingine, ya lugha. OpenAI ilipotoa mwaka 2022 mashine yake ya kusikia maneno, Whisper, ilieleza kwamba iliifundisha kwa saa 680,000 za sauti. Lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000. Kiswahili kilichomo kwenye intaneti nacho ni zaidi kile cha Dar es Salaam na Nairobi. Mama wa Masisi anasema mayi, anasema fasi, anasema batoto, na anatia Kifaransa katikati. Shirika likiweka mashine ijibu simu za malalamiko ya wahamishwa bila kuipima kwa Kiswahili cha Kivu, malalamiko ya mama huyo yataandikwa vibaya, na jina lake pia linaweza kuandikwa vibaya kwenye liste ya chakula. Atakosa unga bila kujua sababu.

Kwa hiyo inafaa mambo matatu yafanyike. Redio ikitumia sauti ya mashine, hata kwa tangazo dogo, iseme wazi kabla ya kuicheza. Shirika likileta mashine ya kuongea na watu, liweke mtu wa hapa anayesikiliza majibu, na namba ambayo mwanadamu anapokea. Na wakubwa wanaotoa amri za kuhama au kurudi watangaze kwa redio zaidi ya moja, kwa jina, tarehe na saa, na waandishi wa habari wawe na njia ya kuwapigia na kuthibitisha. Tangazo lisilothibitishwa lisisomwe, hata kama redio jirani imekwisha kulisoma.

Msikilizaji naye ana kazi yake. Odio ikifika ikisema ondokeni, au rudini, au tumeni pesa, asiulize tu kama sauti inafanana. Aulize ilisemwa siku gani, kutoka ofisi gani, na nani mwingine ameisikia mahali pengine mbali na simu hiyo. Kama ni ndugu anayeomba pesa, ampigie kwa namba ile ya zamani. Familia zilizotawanyika zinaweza kupatana neno moja la siri sasa hivi, kabla ya shida kufika.

Risasi zikilia karibu, hakuna anayengoja uthibitisho, na hakuna wa kumlaumu. Lakini odio iliyofika usiku kambini, wakati nje kumetulia, inaweza kungoja habari za asubuhi za redio.