Mali bila daftari: somo la kometi kwa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi uliopita nilikwenda na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kukiona Kimondo cha Mbozi, kwenye mteremko wa Mlima Marengi, si mbali na barabara kuu iendayo Tunduma. Eneo hilo tulizoea kulihesabu kuwa la Mbeya mpaka Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Wanafunzi walilizunguka pande hilo la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, wakapiga picha, kisha mmoja wao akaniuliza: "Dokta, kilianguka lini?"

Nilimjibu kwamba hakuna ajuaye. Wanasayansi walikifahamu mwaka 1930, na wenyeji walikuwa wamekijua kabla ya hapo, lakini siku ya kuanguka kwake haikuandikwa popote. Hata shimo la mahali kilipopiga ardhi halionekani. Uzito wake nao huandikwa tani 12 katika maandiko fulani na tani 16 katika mengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale Mbozi mali ipo, imelala juani kila mtu anaiona. Kilichopotea ni habari zake.

Swali la mwanafunzi yule limenifuata hadi nyumbani, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nataka kuzungumzia jambo ambalo kwetu huonekana dogo na la makarani, yaani utunzaji wa data baada ya utafiti kumalizika. Nitaanzia mbali, angani, kisha nitarudi Iringa.

Nyota yenye mkia, ambayo wanasayansi huiita kometi, ni donge la barafu, vumbi na mawe. Likikaribia jua, barafu hugeuka kuwa mvuke, na mwanga wa jua huzinyang'anya chembe za mvuke huo elektroni zake. Gesi hiyo iliyojaa chaji za umeme ndiyo huitwa plazima. Jua nalo hupuliza upepo wake wa plazima kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa sekunde, ukiwa umebeba uga wa sumaku. Kinachotokea pepo hizo mbili zinapokutana hakiwezi kupimwa vizuri kutoka duniani. Ni lazima chombo kipite pale pale.

Cha kwanza kupita kiliitwa ICE, chombo cha Marekani kilichoukata mkia wa kometi Giacobini-Zinner tarehe 11 Septemba 1985. Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi 1986, chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita umbali wa takribani kilomita 600 kutoka kwenye kiini cha kometi Halley. Kilipishana nayo kwa mwendo wa kilomita 68 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Mbeya hadi Iringa, inayotuchosha kwa saa kadhaa ndani ya basi, ingeisha kwa sekunde tano hivi. Sekunde chache kabla ya kufika karibu zaidi, kipande kidogo cha vumbi kilikigonga na kukiyumbisha, na mawasiliano yakawa ya kukatikakatika kwa takribani nusu saa. Hata hivyo, vipimo muhimu vilikwishafika duniani. Vilionyesha, kwa mfano, kwamba umbali wa kilomita 4,700 hivi kutoka kwenye kiini, uga wa sumaku unaoletwa na upepo wa jua ulizimika kabisa, kwa kuwa mvuke wa kometi uliusukuma nje.

Kometi Halley hurudi kila baada ya miaka 75 au 76. Itarudi mwaka 2061. Mwaka 1986 mimi nilikuwa mtoto mdogo. Mwanafunzi aliyeniuliza lile swali atakuwa anakaribia miaka sitini itakapoonekana tena. Wengi wa waliokibuni Giotto hawatakuwepo. Kwa hiyo vipimo vya usiku mmoja wa 1986 vinapaswa kuishi miaka 75, na atakayevisoma ni mtu ambaye hatakuwa na wa kumuuliza.

Hapo ndipo kazi ya kuhifadhi inapoanza, na ni ngumu kuliko tunavyodhani. Chukua namba 27 peke yake. Je, ni joto, ni kasi, ni idadi ya chembe, au ni kosa la kifaa? Namba hiyo haina maana mpaka iandikiwe ilipimwa na kifaa gani, kwa kipimio gani, saa ngapi, chombo kikiwa wapi, na kifaa kilikuwa na kasoro zipi siku hiyo. Kwa sababu hiyo hifadhi ya data za sayari ya NASA, na ile ya shirika la anga la Ulaya, hazipokei rundo la namba tu. Zinataka maelezo yake, na katika hifadhi ya NASA wanasayansi ambao hawakushiriki kazi ile huzikagua data kabla hazijapokelewa, ili waone kama mgeni anaweza kuzielewa. Kisha data hizo hutolewa bure. Mwanafunzi aliyekaa Iyunga au Kihesa, akiwa na kompyuta na kifurushi cha intaneti, anaweza leo kuvipata vipimo vya kometi vilivyochukuliwa kabla hajazaliwa.

Wakubwa nao hawakuzaliwa wakijua hayo. Chombo kile ICE kilipokaribia tena dunia mwaka 2014 kilikuwa bado kinatoa ishara, lakini mitambo ya kukitumia amri ilikuwa imekwisha kuondolewa miaka mingi nyuma. Kundi la watu wa kujitolea lilitafuta nyaraka za zamani, likaunda upya lugha ya kuzungumza nacho kwa programu za kompyuta, na mwezi Mei mwaka huo likafanikiwa kukipata kwa kutumia antena kubwa ya Arecibo, Puerto Rico. Injini zake hazikuweza kuwashwa ipasavyo, na juhudi za kukibadilishia njia zikaishia hapo. Lakini bila makaratasi yale ya miaka ya 1970, hata salamu isingewezekana.

Najua kuna msomaji anayeuliza kometi zinatuhusu nini sisi tunaohangaikia mbolea na ajira. Nitamjibu kwa mfano wa Iringa yenyewe. Mtwa Mkwawa alipofariki mwaka 1898, Wajerumani waliondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Kwa nini miaka 35? Siasa zilichangia, lakini kulikuwa na tatizo jingine: hakuna aliyeweza kulionyesha fuvu lenyewe kwa kidole. Gavana Edward Twining alipofika katika jumba la makumbusho la Bremen alikuta mafuvu mengi, yakiwemo kadhaa yaliyotoka katika nchi yetu. Ilimbidi kuchagua kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu hayo na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Taifa zima la Wahehe lililazimika kumtambua mkuu wao kwa njia ya makadirio, na mjadala juu ya uhakika wa utambuzi huo haujafungwa hadi leo. Waliolichukua walikuwa hodari wa kukusanya, lakini daftari lao halikutosha kusema lile ni la nani.

Sasa nirudi kwangu, kwa maana si haki kuwanyooshea wengine kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu nilizunguka vijiji vya Kilolo na Mufindi nikiwahoji wakulima kuhusu mvua: zilianza lini, zilikatika lini, walipanda nini, walivuna magunia mangapi. Nilijaza madodoso zaidi ya mia tatu. Wakulima wengine walinitolea madaftari yao wenyewe, ambamo walikuwa wameandika tarehe za mvua za kwanza kwa miaka mingi, nami nikayanakili. Katika kijiji kimoja bibi mmoja, baada ya kuitikia kamwene yangu na kunijibu maswali kwa saa nzima akiwa ameacha kazi zake, aliniuliza: "Mwanangu, haya yote unayoandika yatakaa wapi?" Nikamwambia yatakaa chuoni. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa.

Tasnifu ilipita. Madodoso niliyaweka kwenye maboksi katika stoo ya taasisi niliyokuwa nikifanyia kazi wakati ule, na data nilizoingiza kwenye kompyuta zilikuwa katika mashine moja tu. Mashine ikafa. Stoo ilipohitajika kwa matumizi mengine, maboksi yakachomwa pamoja na takataka, na sikuambiwa. Lakini hata mimi nilikuwa sijaandika juu ya maboksi yale chochote zaidi ya jina langu. Aliyeyachoma hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani yake kulikuwa na kumbukumbu za mvua za watu.

Mwaka jana mwanafunzi wa shahada ya umahiri alinijia. Alikuwa ameisoma tasnifu yangu na alitaka kurudi katika vijiji vile vile, aone mabadiliko. "Shikamoo Dokta. Naomba data zako nilinganishe." Nilikuwa na majedwali ya wastani yaliyochapishwa, basi. Kaya moja moja, tarehe moja moja, vyote havipo. Mvua zile haziwezi kunyesha tena ili nizipime upya, kama ambavyo Giotto hakiwezi kurudishwa Machi 1986. Na yule bibi, nimeambiwa, ametangulia mbele za haki.

Nimesimulia aibu hii kwa sababu naamini si yangu peke yangu. Waulize wahadhiri wenzangu zilipo data za tasnifu zao, wengi watakuonyesha flashi iliyopotea kifuniko. Waulize wahitimu wa mwaka juzi. Tunahifadhi tasnifu yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu, huku ushahidi ulioizaa tukiuacha ufe. Kisha mtafiti mwingine anarudi kwa mkulima yule yule na maswali yale yale, na tunashangaa wanavijiji wakituchoka.

Nchi haijakosa misingi. Mwaka ule ule wa 1986 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti. Mwaka 2002 tulipata Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwaka 2022 ikaja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tulichopungukiwa ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa masharti. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, mwanafunzi wa umahiri au uzamivu asihitimu mpaka data zake ziwe zimekabidhiwa maktabani pamoja na maelezo yake, na mtu ambaye hakuusimamia utafiti huo athibitishe kwamba ameweza kuzisoma na kuzielewa. Ukaguzi huo ni wa siku moja, hauhitaji mfadhili.

Pili, vyuo vya Nyanda za Juu Kusini vianzishe hifadhi ya pamoja. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na wenzao wakitunza nakala za kila mmoja, moto wa stoo moja hautafuta kumbukumbu za kizazi. Majina ya waliohojiwa yaondolewe kabla data hazijafunguliwa kwa wengine, kama sheria na heshima vinavyotaka.

Tatu, ndugu zangu watumishi wa halmashauri, tengeni kifungu cha bajeti cha kuhamisha kumbukumbu. Daftari la mvua la 1970 lililoliwa na mchwa na diski ambayo hakuna kompyuta inayoisoma ni msiba mmoja. Kuhamisha data kutoka chombo kinachozeeka kwenda kipya ni kazi ya kudumu, mfano wa kupaliliza shamba.

Nne, nakala irudi kijijini. Aliyetoa saa yake na daftari lake ana haki ya kujua vilikokwenda.

Nitaambiwa fedha hazipo. Najibu kwamba kila shilingi tuliyotumia kukusanya data zilizopotea ilikuwepo, nasi tukaitumia. Gharama ya kutunza ni ndogo kuliko ya kukusanya upya, na yapo mambo, kama mvua za msimu uliopita, ambayo kwa bei yoyote ile hayakusanywi tena.

Kwa upande wangu nimeanza na wanafunzi ninaowasimamia. Muhula huu hakuna atakayepata sahihi yangu kabla sijaona data zake mahali pawili, na karatasi ya maelezo inayoweza kueleweka na mtu asiyemjua. Wamelalamika kwamba nawaongezea kazi. Ni kweli, nawaongezea. Yule bibi wa Kilolo aliniuliza swali nami nikampa jibu la uongo bila kukusudia. Sitaki wao wampe mtu mwingine jibu lile.